Sindano Isiyo na Uzi

Kilomita arubaini za barafu kutoka Duluth,
nyumba ya mwisho kabla ya mgodi wa chuma uliofungwa.
Arvo Lahti amekunja shati hata kabla sijavua buti.
"Mshipa ni uleule, Lorna. Haujahama."

Meza ya jikoni: kitambaa cha plastiki chenye picha za cheri,
siagi, redio, barua za bima zisizofunguliwa.
Taa ni moja, nayo iko nyuma yangu,
kwa hiyo kivuli changu hutangulia kumchoma.
Hospitalini kuna taa tatu na mtu wa kushika mkono.
Hapa kuna Topi, mbwa mwenye sikio moja,
niliyeahidiwa kuwa amefungiwa chumbani.

Sanduku jekundu la sindano nililiacha garini.
Niliandike hapa, maana kwenye fomu nililiruka:
nililiacha kwa kuwa mikono ilijaa,
kwa kuwa baridi ilikuwa ikikata masikio,
kwa kuwa ilikuwa sindano moja tu.

Moja tu.

Kichupa kikajaa. Nikachomoa.
Sindano za zamani zilikuwa na ala,
ukibonyeza zinajifunika, tak,
kama kobe aliyesikia hatua.
Hizi za mwaka huu ni nafuu. Zinabaki uchi.
Nikageuka kutafuta kopo la kahawa analotupia zake za insulini,
na mlango wa chumba haukuwa na komeo,
na Topi ananipenda.

Haiumi. Hilo hawakuambii.
Mwiba wa waridi unauma zaidi.
Nilijua tu kwa ule unyevu ndani ya glavu,
wenye joto, wangu.

Bomba. Sabuni, maji, sabuni, maji.
Usikamue, niliwafundisha wanafunzi, usinyonye,
yaache maji yafanye kazi yao.
Yalifanya, mpaka kidole kikakunjamana
na saa ya ukutani ikaonekana kunionea haya.

Kisha ikabidi nimuulize.
Mtu anayenifungia mkate wa shayiri kila Jumanne,
ikabidi nimuulize habari za damu yake
kwa sauti ileile ninayomuulizia choo.
Akazitazama cheri za mezani.
"Mwaka sabini na nane. Chumba juu ya duka la viatu.
Sindano moja, watu watano.
Marehemu Irja hakujua."
Redio ikatangaza theluji zaidi.
Sikumwambia si kitu.
Nilimwambia asante, nikambandika pamba upya,
ingawa ya kwanza ilikuwa imeshika.

Msimamizi alikuwa mpole kwenye simu.
Ungebeba sanduku. Ungefunga mlango. Ungewasha taa nyingine.
Kila kitenzi na nge wake ndani, mkia juu.
Nikamuuliza nani alichagua sindano zisizo na ala.
Akasema laini inakatika.

Uzi hufuata sindano, husema washonaji.
Hii haikuwa na uzi; ilifuatwa na miezi sita.
Damu ya Arvo ilijibu ndiyo: homa ya ini,
ile isiyo na kidonge cha kuzuia, ina kungoja tu.
Wiki ya sita, kichupa. Mwezi wa tatu, kichupa.
Dale anauliza kwa nini nimehamisha mswaki wangu,
kisha anaacha kuuliza, anahamisha na wake,
anauweka kando ya wangu.

Jumanne nikarudi. Nani mwingine angeijua njia?
Komeo jipya mlangoni, skrubu zimeingia upande.
Taa ya kusomea ya Irja imeshushwa kutoka darini.
Na mezani, katikati ya cheri,
mraba wa utepe mweupe, umepimwa kwa rula:
mahali pa sanduku jekundu.
Nikaliweka. Likaenea, hata nafasi ya kidole ikabaki.

Arvo akakunja shati bila neno.
Topi akakwaruza mlango, akakwaruza,
nami nikangoja mpaka mkono wangu utulie,
si wake.